Kapteni Joubert wa Ziwa Tanganika

Tazameni ramani ya Kongo. Upande wa mashariki mtaona ziwa refu na jembamba: ndilo Ziwa Tanganika. Fuateni ng'ambo yake ya magharibi toka Kalemie kwenda kusini. Mtafika kwanza Mpala, kisha Moba. Hiyo ni nchi ya Watabwa. Katika nchi hiyo Mzungu mmoja aliishi miaka 40, akaoa huko, akazaa huko, akafa huko. Hakuwa padri, wala mfanya biashara. Alikuwa askari. Watu walimwita Kapteni. Jina lake ni Louis Joubert.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 katika kijiji cha Saint-Herblon, upande wa magharibi wa Ufaransa, karibu na mto Loire. Watu wa nchi ile walikuwa wakulima, tena Wakristo wenye kichwa kigumu. Karibu miaka 50 kabla ya Joubert kuzaliwa, wengi wao walishika bunduki na mundu wakapigana na serikali yao wenyewe kwa ajili ya dini na mfalme. Walishindwa, na vijiji vingi vilichomwa moto. Mtoto wa huko alikua akisikia habari hizo jioni penye moto, kama ninyi mnavyosikia habari za wazee wenu.

Mwaka 1860 Joubert alitimiza miaka 18. Siku zile Papa hakuwa na Vatikani tu kama leo. Alikuwa na nchi nzima ya kutawala katikati ya Italia, yenye miji, mashamba, kodi na askari. Lakini Waitalia wengi walitaka nchi zao zote ndogo ziunganike ziwe taifa moja chini ya mfalme mmoja. Hamu yao haikuwa mbaya. Watu wa mataifa mengi wamepigania jambo hilo. Ila Papa Pius wa Tisa hakukubali kuiacha nchi yake, akaomba msaada. Ndipo vijana wa Ufaransa, wa Ubelgiji, wa Holanda na wa nchi nyingine wakaja Roma kuwa askari wake. Joubert alikuwa mmojawapo.

Hakungoja sana kuonja vita. Tarehe 18 Septemba mwaka ule ule, karibu na mji wa Castelfidardo, jeshi dogo la Papa lilikutana na jeshi la mfalme wa Piemonte, lililolipita mbali kwa wingi. Jenerali mmoja wa Papa, Pimodan, aliuawa. Wageni walioitika mwito wa Papa walianguka wengi. Joubert alipigwa jeraha, akakamatwa, akawa mfungwa. Mwanzo kama huo ungalimtosha kijana mwingine. Yeye alipofunguliwa na kupona alirudi Roma kwa jeshi lile lile.

Askari hao wageni wakaitwa Wazuavu. Walivaa suruali pana na kizibao kifupi, mavazi yaliyoigwa kwa askari wa Aljeria, hata watu wa Roma wakawashangaa. Kazi yao haikuwa kupiga bunduki tu. Mwaka 1867 ugonjwa wa kipindupindu uliingia mji wa Albano, karibu na Roma. Watu walikimbia, maiti wakalala nyumbani pasipo mtu wa kuwagusa. Wazuavu waliwabeba mabegani na kuwazika. Katika jeshi hilo Joubert alipanda cheo mpaka akawa kapteni.

Basi, tarehe 20 Septemba 1870, jeshi la Italia lilivunja ukuta wa Roma kwa mizinga. Papa hakutaka damu nyingi imwagike. Aliagiza bendera nyeupe ipandishwe. Vita vilikwisha asubuhi ile. Wazuavu walirudishwa kwao. Joubert alikuwa na miaka 28, na miaka 10 ya maisha yake ilikuwa imekwenda katika vita ambavyo upande wake ulishindwa.

Askari aliyeshindwa afanye nini? Wengine walizeeka wakisimulia vita vyao. Joubert alikaa Ufaransa miaka kadhaa. Kisha alisikia habari za Askofu Lavigerie.

Lavigerie alikuwa Askofu Mkuu wa Alger, katika Afrika ya kaskazini. Mwaka 1868 alianzisha shirika la Mapadri Weupe. Mwaka 1878 aliwatuma wa kwanza kwenda maziwa makubwa. Walipita Zanzibar na Bagamoyo, wakaenda kwa miguu, na wapagazi wakichukua mizigo ya vitambaa, shanga na chumvi. Njia ile ya miezi mingi iliwaua wengi: homa, kuhara, wanyang'anyi. Kwa hiyo Lavigerie alitafuta Wazuavu wa zamani wawalinde mapadri. Na walinzi nao walikufa. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge katika nchi ya Burundi, mapadri wawili, Deniaud na Augier, waliuawa pamoja na mlinzi wao D'Hoop, Mbelgiji aliyekuwa Mzuavu.

Joubert alikuwa amejitoa mwaka 1880. Alikaa na mapadri katika nchi za ziwa mpaka mwaka 1885, ndipo akarudi Ufaransa. Mtu angedhani amemaliza kazi yake. Lakini mwaka 1886 aliagana tena na ndugu zake akapanda meli. Safari hiyo hakuirudia kwa upande wa pili.

Sasa yafaa kujua mambo ya ziwani yalikuwaje siku zile.

Huko Ulaya na Marekani watu walinunua pembe za tembo kwa bei kubwa. Walizichonga kuwa mipini ya visu, mipira ya kuchezea juu ya meza, na vibao vyeupe vya piano. Ili pembe zifike pwani zilihitaji wabebaji. Na katika Zanzibar na visiwa vyake palikuwa na mashamba ya karafuu yaliyotaka watumwa. Basi misafara ya Waarabu na Wangwana ilivuka ziwa, ikafika Marungu na Umanyema. Haikukamata watu kwa mikono yake peke yake. Iliwapa wakubwa wa nchi bunduki na baruti, nao waliwauza jirani zao. Vijana walioitwa Ruga-ruga walizunguka usiku na moto. Wanaume waliowakamata waliwatia kongwa shingoni, yaani mti wenye panda. Wanawake na watoto waliwafunga kwa kamba na minyororo. Waliochoka waliachwa njiani. Mtu aliyelima hakujua kama atavuna, na watu wakaacha mashamba mazuri ya bondeni wakajificha milimani, ambako njaa iliwafuata.

Pale Mpala, penye mto Lufuko, Mbelgiji mmoja jina lake Storms alikuwa amejenga boma mwaka 1883. Watu walimwita Bwana Boma. Alikuwa mkali. Mwaka 1884 watu wake walimwua Lusinga, mkubwa mmoja wa Watabwa aliyefanya vita na kuuza watumwa, wakamkata kichwa. Na Storms akalichukua fuvu mpaka Ulaya. Mwaka 1885 Storms aliitwa kwao, akawaachia Mapadri Weupe boma lile. Mapadri Moinet na Moncet walilipokea pamoja na bunduki, askari na mashauri ya watu. Hiyo haikuwa kazi ya padri: asubuhi kutoa Misa, mchana kuhukumu wezi, usiku kulinda ukuta. Kwa sababu hiyo Lavigerie alimtuma Joubert.

Alifika Mpala katika Machi 1887, akiwa na miaka 45. Aliwafundisha vijana kutumia silaha. Aliwapanga kulinda vijiji vya jirani. Watu waliotoroka minyororo walikuja, na wengine mapadri waliwakomboa kwa vitambaa, hasa watoto. Yafaa kusema pia kwamba maisha ya watu wa misioni hayakuwa na uhuru wote. Aliyekombolewa alipata ulinzi na chakula, lakini amri za kijiji hakuzitunga yeye, wala hakuweza kwenda apendako siku yoyote. Wengi walikubali kwa sababu nje ya ukuta palikuwa na kongwa.

Mwaka uliofuata Joubert alifanya jambo ambalo Wazungu wa siku zile hawakulizoea. Tarehe 13 Februari 1888 alimwoa Agnes Atakaye, mwanamke Mwafrika, kwa ndoa ya Kanisa.

Fikirini vema. Katika Kongo ya nyakati zile, na miaka mingi baadaye, Wazungu wengi walikaa na wanawake wa nchi bila ndoa. Kazi yao ilipokwisha walipanda meli, na mwanamke akabaki na watoto. Serikali ya wakoloni iliwachukua maelfu ya watoto wa namna hiyo kwa mama zao, ikawatia katika nyumba za mbali. Mambo hayo yalifanyika mpaka uhuru, na mwaka 2019 waziri mkuu wa Ubelgiji alisimama mbele ya bunge lao akaomba radhi. Joubert alitenda kinyume. Alisimama mbele ya padri na mashahidi akaahidi mpaka kufa, na mtu mwenye tabia yake hakuahidi kwa mchezo. Hakuna hata mmoja wa ukoo wake aliyekuwapo arusini. Barua kutoka Saint-Herblon ilihitaji miezi mingi kufika.

Agnes na Joubert walipata watoto 10. Watoto hao walikuwa na baba na mama mezani pamoja. Hawakufichwa, wala hawakupelekwa mbali wasionekane.

Joubert hakukaa Mpala siku zote. Aliondoka akaenda kusini yake, mahali paitwapo Mrumbi, akajenga kijiji chenye boma, akakiita Saint-Louis, jina la mfalme mtakatifu wa Ufaransa na jina lake mwenyewe. Huko alikuwa mkuu wa askari na mwamuzi. Watu walimletea mashauri ya mbuzi, ya mashamba, ya mahari. Waliumwa, wakaja kuomba dawa. Kama padri hakuwapo, aliongoza sala. Na nyumbani kwake mwenyewe Agnes alikuwa na watoto wa kulea, moto wa kutunza na wageni wasiokwisha. Habari za vita hutaja majina ya wanaume. Lakini boma haliishi kwa baruti peke yake. Katika siku za hatari ni lazima mtu asage unga, ateke maji, anyamazishe watoto.

Siku za hatari zilikuja upesi. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri, waliwainukia Wadachi, na njia ya misafara ikafungwa. Kisha meli za Wadachi na za Waingereza zilizuia silaha zisishuke pwani. Risasi za Joubert zilipungua, na nyingine hazikuja. Mwaka ule ule Lavigerie, ambaye sasa ni Kardinali, alizunguka Ulaya akihubiri juu ya biashara ya watumwa, Paris, London na Brussels. Watu walilia, wakatoa fedha. Lakini fedha za Brussels hazilindi usiku mmoja wa Mrumbi mpaka zimevuka bahari na nchi kavu.

Adui mwenye nguvu katika ziwa alikuwa Muhammad bin Khalfan, ambaye watu walimwita Rumaliza. Alikaa Ujiji, ng'ambo ya pili, na alikuwa na mashua, bunduki na watu wengi. Aliona wazi kwamba boma la Joubert linamfungia njia. Basi watu wa vita walizunguka nchi, wakachoma vijiji, na watu wakakimbilia Saint-Louis na Mpala. Kila mkimbizi alikuwa kinywa kimoja zaidi cha kulisha. Joubert alikuwa na askari yapata 200, na bunduki za namna mbalimbali, nyingine za kizamani. Hakuweza kwenda mbali kuwatafuta adui, kwani akiondoka nani atalinda? Wala hakuweza kukaa kimya, kwani kila kijiji kilichochomwa kilisema kwamba Kapteni ameshindwa. Alifanya lililowezekana: alitoka mara moja moja, akapiga, akarudi nyuma ya ukuta.

Mara moja alikwisha kushindwa, huko Roma, naye akarudi kwao. Sasa nyuma ya ukuta alikuwamo mke wake na watoto wadogo.

Mwishoni mwa Oktoba 1891 msafara ulionekana ziwani. Ni Kapteni Jacques, Mbelgiji, aliyetumwa na chama cha kupinga utumwa. Aliwakuta watu wa Joubert wamechoka, nguo zimechakaa, risasi chache. Lakini boma lilisimama. Jacques akaenda kaskazini, na tarehe 30 Desemba 1891 akaanza kujenga boma lingine, akaliita Albertville. Jina hilo lilipewa mji ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Kalemie. Mwaka 1892 yeye naye alizingirwa huko miezi mingi. Misaada mingine ilifuata, na mwanzo wa mwaka 1894 majeshi ya Rumaliza yalivunjika. Misafara ya watumwa katika ziwa ilikoma.

Je, nchi ikapata raha? Nusu tu. Serikali ya Mfalme Leopold, iliyojiita Dola Huru ya Kongo, ilijisifu kwa kuukomesha utumwa, huku ikiwalazimisha watu wa Kongo kutafuta mpira na pembe kwa kiboko na bunduki. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiacha Kongo mikononi mwa Ubelgiji. Maovu hayo yaliumiza zaidi nchi za mpira, lakini kodi na kazi ya lazima zilifika na ziwani.

Joubert aliweka bunduki chini. Alikuwa amepita miaka 50. Wanajeshi wa Kizungu waliopigana upande ule walikwenda zao na nishani zao. Jacques alirudi Ubelgiji, baadaye akawa jenerali mwenye sifa. Joubert hakuwa na mahali pa kwenda. Au tuseme sawasawa: mahali pake palikuwa hapo. Alilima, alilea watoto, alisikiliza mashauri. Saint-Louis ilikuwa kijiji cha mashamba sasa.

Si vita vilivyomwondoa pale, ni mdudu. Katika miaka iliyofuata mwaka 1900 ugonjwa wa usingizi ulienea kando ya ziwa. Mbung'o wanaouleta hukaa katika vichaka vya majini, na serikali iliamuru vijiji vya ziwani vihame. Watu waliacha nyumba, miti ya matunda na makaburi ya wazee. Mwaka 1910 Saint-Louis iliachwa, na Joubert, mzee wa miaka 68, akahama na jamaa yake kwenda Misembe, karibu na misioni ya Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, juu ya Moba. Boma alilolilinda kwa miaka ile yote lilirudi kuwa majani.

Huko Misembe aliishi miaka 17. Mwaka 1914 vita vya Wazungu vilifika hata ziwani, na meli za Wadachi zikapiga mizinga ng'ambo ya Kongo. Lakini Kapteni alikuwa amezeeka, na vita hivyo havikuwa vyake. Siku nyingine ilikuja na furaha. Tarehe 21 Julai 1917, pale Baudouinville, Monsinyori Roelens alimpa upadri Stefano Kaoze, mtoto wa nchi ya Marungu, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi. Miaka 30 ilikuwa imepita tangu Joubert alipofika Mpala. Siku zile mtoto wa Marungu aliweza kuuzwa kwa vitambaa vichache. Sasa mmoja wao alisimama altareni.

Joubert alikufa Misembe tarehe 27 Mei 1927, mwenye miaka 85. Alikuwa ameoa miaka 39. Nchi ya Papa aliyoipigania ujanani ilikuwa imekwisha kitambo, na miaka 2 tu baadaye Papa na Italia walipatana, Vatikani ikawa dola ndogo. Ufaransa hakuiona tena tangu mwaka 1886. Alizikwa katika nchi ya watoto wake.